Kazi ya Kubonyeza

Mama alikuwa na saluni kando ya barabara ya kwenda uwanja wa Kinoru mjini Meru, chumba kimoja chenye vioo viwili na viti vya plastiki, na ukuta wa mabati uliotutenganisha na jirani. Jirani mwenyewe alikuwa kijana aliyewahi kuwa makanga wa matatu, akachoka kuning'inia mlangoni, akauza ng'ombe aliyeachiwa na babake na kununua televisheni na mashine za gemu. Kutwa nzima tulisikia kupitia mabati milio ya risasi, kelele za mabao, na vijana wakitukanana kwa Kimeru. Wateja wa mama walisukwa nywele huku wakiomboleza kizazi kilichopotea. Mama aliwaitikia kwa sababu mteja ni mteja, lakini maji ya moto yakiisha alinituma mimi huko huko kwa kizazi kilichopotea, maana jirani ndiye aliyekuwa na birika la stima.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilikuwa darasa la saba. Birika lilichukua muda kuchemka, nami nikawa nasimama nyuma ya benchi nikitazama. Siku moja mchezaji mmoja alisikia mamake akimwita kutoka barabarani, akatoka mbio kupitia nyuma, na mwenzake akabaki bila mpinzani. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia kiti kitupu, akanipa pedi. Lazima nieleze kwamba pedi ni kile kidude cha kushika kwa mikono miwili na kubonyeza, kwa sababu siku nyingine nilipomlalamikia mama kuwa wavulana wa jirani wameninyang'anya pedi, alitoka na chanuo mkononi akitaka aonyeshwe huyo mvulana asiye na haya.

Nilimshinda yule kijana. Ilikuwa gemu ya kupigana, na kwa kuwa sikujua kitufe kipi kinafanya nini, nilibonyeza vyote. Alisema ni bahati. Nilipomshinda tena alisema pedi yake ina shida. Baadaye walipoanza kunijua na kushindwa kwa zamu, nilisikia kila sababu ambayo mwanamume anaweza kutoa akipigwa na msichana mwenye sare ya shule ya msingi. Wasichana wana vidole vyembamba. Jua lilikuwa linaingia upande wake. Mmoja alieleza kwa utulivu mkubwa kwamba stima ya Meru huwa na nguvu zaidi upande wa kulia wa benchi, na kwamba mimi nilikuwa nikikaa huko makusudi.

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, kwa hivyo habari mbaya za nyumbani kwetu zilipitia kanisani. Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja alimsimamisha mlangoni na kumpa pole. Alisema kanisa litamsaidia kumwombea binti yake, kwani ameonekana kwa gemu. Alitamka "kwa gemu" kwa ile sauti watu hutumia kusema "kwa mganga".

Jioni hiyo tuliitwa kikao. Tulikuwepo baba, mama, mimi na shangazi, dada ya baba, ambaye alikuwa akifanya kazi katika shamba la maua huko Timau na alikuwa ameshuka likizo kutafuta joto. Baba alizungumza kwa Kiswahili, lugha aliyoiweka kwa ajili ya shule na hasira. Mama alinitetea kwamba mimi huenda kuleta maji tu. Shangazi akasema huko Timau kulikuwa na kijana aliyecheza hizo gemu mpaka vidole vikakataa kunyooka, akawa hawezi hata kusalimia watu. Hakuna aliyeuliza kijana huyo ni nani.

"Mtoto akicheza mpira, angalau anakimbia," baba alisema. "Hii ni kubonyeza tu. Hakuna kazi ya kubonyeza duniani."

Wiki hiyo nilipelekwa kwa pasta. Alikuwa mtu mpole. Aliniuliza kama nalala vizuri, kama nakula, kisha akaniombea. Badala ya kuniwekea mkono kichwani, aliuweka juu ya vidole gumba vyangu, kwa sababu baba alikuwa amemweleza kwamba tatizo linakaa hapo. Nilitii kwa muda. Halafu maji ya moto yakaisha saluni.

Nilipomaliza sekondari nilipelekwa chuo kimoja cha Embu kusomea ununuzi na ugavi. Miaka hiyo kila mtoto ambaye alama zake hazikutosha udaktari alisomea ununuzi na ugavi, hata ungedhani nchi nzima imepanga kununua na kugawa, na wa kutengeneza watatafutwa baadaye. Nilipanga chumba juu ya duka la mbolea na mbegu. Nguo zangu zilinuka mbolea miaka yote ya chuo. Nilinunua kompyuta iliyotumika, nikaziba dirisha kwa kadibodi ili mwanga usiingie kwenye skrini, nikaanza kucheza na watu ambao sikujua sura zao wala nchi zao.

Katika kundi hilo la wachezaji ndipo niliposikia kwamba kuna kampuni za ng'ambo zinazotafuta watu wa kujaribu gemu kabla hazijauzwa. Nilidhani ni utapeli. Niliandika hata hivyo. Walinitumia gemu iliyojaa makosa, wakaniambia nicheze na niandike kila kilichoharibika. Mtu mzima akiniita mezani na kuniomba nimkosoe kwa urefu ninaotaka, mimi sihitaji kuombwa tena. Niliandika mpaka mkono ukauma. Wakanichukua.

Nikapiga simu nyumbani. Mama alipiga vigelegele. Baba akachukua simu akauliza kazi yenyewe ni ipi. Nikasema najaribu programu za kompyuta. Akaniuliza kama ni za benki. Nikasema si za benki. Akauliza kama huko Embu kumenyesha.

Watu wakisikia nalipwa kucheza gemu, macho huwatoka kama wameambiwa nalipwa kulala. Wacha nieleze ilivyokuwa. Mimi, mtoto niliyekwepa kukata majani ya ng'ombe kwa bidii isiyopungua, nilipewa gemu ya ukulima. Ndani yake kulikuwa na shamba, ghala na ng'ombe wa kukamuliwa kwa vitufe. Nami sikukamua. Nilipewa mlango wa ghala. Kazi yangu ilikuwa kuufungua na kuufunga. Niufungue nikitokea kulia, nikitokea kushoto, nikiwa na ndoo, bila ndoo, mvua ikinyesha, jua likiwaka, nikiwa nimepanda trekta, nikiwa na mbwa na bila mbwa. Wiki baada ya wiki nilikuwa nikiufungua mlango huo. Nilikuwa nimeota kuwa bingwa, nikawa bawabu.

Mkubwa wangu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole sana. Siku nilipomwandikia kwamba ng'ombe mmoja amepita katikati ya ukuta, alinipigia kunishukuru, kisha akauliza kama ninaweza kumpitisha tena. Nilimpitisha ng'ombe huyo ukutani siku nzima. Nilipoenda nyumbani Krismasi, mama alinipa ndoo nikakamue ng'ombe wetu wa kweli. Nilisimama zizini nikamtazama anavyogonga mbavu zake kwenye ubao na kukwama pale, nikampenda kwa mara ya kwanza maishani.

Ukoo ulibaki na mzigo wa kueleza kazi yangu. Baba alisema niko "kwa kompyuta", kama mtu anavyosema yuko jeshini, ingawa karo ya mdogo wangu ilitoka huko huko. Binamu zangu walielewa kwamba natengeneza printa, wakawa wananiletea. Shangazi wa Timau ndiye aliyeamua kuja kuona mwenyewe. Alifika Embu mchana na gunia la viazi, akanikuta nimevaa nguo za kulalia, nina vidude masikioni, naongea Kiingereza na skrini. Alikataa chai. Alikaa kitandani, gunia katikati ya miguu, akanitazama mpaka nikaanza kujitazama mwenyewe.

"Na mkubwa wako anajua unafanya hivi?" aliuliza hatimaye.

"Ndiye aliyenituma, tata," nikasema, nikimwita shangazi kwa Kimeru.

Akafikiri. "Na yeye, wakubwa wake wanajua?"

Alirudi akaripoti kwamba nina afya nzuri, chumba ni kisafi, na kwamba wanaohitaji maombi ni hao wa ng'ambo.

Halafu ikaja sherehe ya vijana kule Meru. Ofisi moja ilinipigia simu kuniomba nije niongee na vijana kuhusu teknolojia. Nilinunua viatu. Nilitayarisha maneno. Nilipofika uwanjani niligundua kwamba mtu aliyeandika ratiba alisikia neno gemu na kuniweka chini ya Michezo. Nikapewa suti ya mazoezi yenye mikono iliyonipita vidole, nikakalishwa kati ya mwanariadha wa mbio ndefu na mkufunzi wa voliboli. Mwanariadha, kijana mwenye adabu, aliniuliza nakimbia mita ngapi. Nikamwambia mimi hukaa. Akafikiri kidogo, akauliza kama ni ule mchezo wa kupiga makasia.

Mgeni wa heshima aliongea kwa muda mrefu. Aliwasihi vijana waachane na gemu zinazowala akili, na badala yake wakumbatie uchumi wa kidijitali. Tukapiga makofi, mimi zaidi, nikijaribu kuziba aibu. Kisha nikaitwa jukwaani, nikakabidhiwa cheti cha mchango wangu katika michezo na riadha. Nafasi ya kuongea haikupatikana kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia. Tulipigwa picha.

Picha hiyo baba aliitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akiingia hawezi kuikosa. Hatimaye alikuwa na kitu ambacho watu wanaelewa. Wageni waliuliza kama binti anakimbia, naye akawaambia karibuni chai.

Nilikuwa nimekutana Embu na daktari wa mifugo, kijana wa upande wa Mbeere kule chini kwenye joto. Yeye husema alinipenda kwa sababu nilikuwa mtu wa kwanza kumsikiliza akieleza magonjwa ya mbuzi bila kuangalia simu. Ukweli ni kwamba baada ya siku nzima mbele ya skrini sikutaka kuiona simu. Tulipokubaliana, watu wake wakapanda Meru kwa ruracio, yaani mazungumzo ya mahari, na asali, na mbuzi waliotetemeka kwa baridi yetu.

Msemaji wetu alikuwa kaka mkubwa wa baba, mchuuzi wa ndizi wa Mitunguu, mtu ambaye husifu kila kitu kwa sauti ya kuuzia ndizi. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na kila neno tulilisikia. Msemaji alianza na masomo yangu. Akaja kwa tabia yangu, ambayo hata mama alikohoa kuisikia. Akasema nafanya kazi na Wazungu bila kutoka nyumbani. Kisha, nadhani kwa sababu mambo yalikuwa yanaenda vizuri na hakuweza kujizuia, akaonyesha picha ukutani na kusema kwamba mbali na hayo yote, huyu msichana ni mwanariadha wa kutambulika.

Msemaji wao alikuwa mzee mfugaji, mjomba wa mchumba wangu, mtaratibu wa maneno.

"Tunashukuru sana," alisema. "Ila kijana wetu alituambia huyu msichana hushinda amekaa kwa nyumba. Sasa huwa anakimbia saa ngapi?"

Nilisikia mtu akiweka kikombe chini.

"Anakimbia kwa kompyuta," alisema baba mkubwa.

"Akienda wapi?"

Shangazi alinishika mkono nyuma ya pazia. Nilitamani nipite ukutani kama yule ng'ombe. Si aibu ya kazi yangu iliyoniuma, bali ni kuona nimewafanya watu wazima, wenye heshima zao, watafute uongo wa kunifunika kama mtu anayetafuta blanketi ndogo kufunika mgeni mrefu.

Ndipo nikasikia baba akisimama. Katika mambo haya baba wa msichana hukaa kimya, msemaji ndiye huongea mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Wazee, mniwie radhi," alisema. "Binti yangu hakimbii. Anacheza gemu. Watu wakitengeneza gemu huwa ina makosa, yeye anaicheza mpaka anayapata, anayaandika, wanayarekebisha. Hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nilisema si kazi. Nilimpeleka mpaka kwa pasta akaombewe vidole. Na hivyo vidole ndivyo vimemsomesha mdogo wake."

Akakaa.

Sikuwa nimewahi kumweleza maneno hayo. Lakini nilikumbuka kwamba mwaka uliotangulia alipita Embu akitoka mkutano wa walimu, akaja kwangu, akakaa kwenye kiti nyuma yangu mchana kutwa nikifanya kazi. Hakuuliza chochote. Nilipogeuka alikuwa amefumba macho, kofia magotini, nikadhani amelala kwa uchovu wa safari. Kumbe alikuwa anasikiliza nikimweleza mkubwa wangu makosa, moja baada ya jingine. Nilifuta machozi kwa pindo la leso, na shangazi akaninong'oneza nisiharibu poda, wageni bado hawajaniona.

Watu wa Mbeere waliomba kutoka nje kushauriana. Tuliwaona kupitia dirisha wamesimama karibu na zizi, wakijikunja kwa baridi. Waliporudi, mzee alisema wamefurahishwa na ukweli wa mzazi, na kwa sababu wamepewa ukweli, watautumia. Mtu anayecheza, alisema, hawezi kuhesabiwa mahari sawa na nesi au mwalimu. Baba mkubwa wangu alikuwa amepata nguvu tena. Alimjibu kwamba kazi kila mtu anaweza, hata punda anafanya kazi, lakini kulipwa kwa kucheza ni jambo la wachache sana, na akataja wachezaji mpira wa Ulaya na magari yao. Mzee akauliza kama hata mimi nina gari kama hilo. Walibishana hivyo mpaka mukimo, viazi vyetu vya kupondwa na mahindi, ukapoa. Mwishoni walikubaliana pale pale ambapo, kwa maoni ya mama, wangekubaliana hata kama ningekuwa nesi.

Nilipotolewa kusalimia, mamake mchumba wangu alinishika mkono. Ni mwanamke mrefu, mnyamavu, mwenyekiti wa kina mama katika kanisa lao. Alinipeleka nyuma ya jikoni, mbali na watu. Nikajipanga kupokea mawaidha. Aliangalia huku na huku, akaingiza mkono kifuani, akatoa simu.

"Mwanangu," alisema, "hapa nimekwama tangu Pasaka."

Ilikuwa gemu ya kupanga matunda kwa rangi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huicheza kila asubuhi, na mzee wake anajua kwamba anasoma Neno kwenye simu, na hakuna haja ya kumsumbua na habari nyingine. Alifungua hatua iliyomshinda. Tulikaa juu ya kuni, mimi na nguo yangu ya ruracio, yeye na kitambaa chake cha kina mama wa kanisa, huku mbuzi wakichinjwa upande wa pili wa nyumba. Nilimwonyesha kwamba alikuwa anaanzia juu badala ya chini. Akapita ile hatua. Alifunga macho kidogo, akarudisha simu kifuani, akaenda kupakulia wazee chakula.

Siku hizi naishi Embu na mume wangu. Kampuni ile ya mlango wa ghala ilifungwa, nikapata nyingine, na sasa nawaongoza wajaribu wachache ambao nao wamekuja wakidhani wanakuja kucheza. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaandikia watu wastaarabu barua za kistaarabu kwamba kitu walichokitengeneza kwa mapenzi kinaanguka mtu akibonyeza vitufe viwili pamoja. Baba akiulizwa husema nacheza gemu, na mtu akicheka, huendelea kumweleza mpaka aache kucheka au aondoke. Wazazi hunipigia simu wakitaka niwaambie watoto wao waache gemu, na wengine wakitaka niwaambie wao namna ya kuwaanzisha, na nimegundua kwamba wote hao hukata simu nikifika kwenye sehemu ya kurudia jambo moja siku nzima.

Mimi mwenyewe sichezi tena kwa kujifurahisha, na sikusikitika vile nilivyodhani. Jumamosi tukiteremka Mbeere, mama mkwe hunipa ungo na ndengu za kuchambua, nikakaa kwenye kigoda kivulini nikitoa mawe na kokoto. Hakuna anayeniuliza nimezitoaje wala kama ninaweza kuzitoa tena. Jumamosi iliyopita alikaa karibu nami na simu yake, akacheza, akaguna, akacheza tena. Mwishowe alinisogezea ile simu bila kuniangalia. Nikamwambia, kwa heshima zote, leo niko likizo. Akasema basi angalau nimwambie aanzie wapi. Nikaweka ungo chini.